Darizi ya Upande Mmoja

Mvua ya Lubumbashi haiji peke yake, huja na radi, na nyumbani kwetu radi ilikuwa na mtu wake: mama yangu. Wingu likianza tu kuwa jeusi upande wa Naviundu, mama huacha alichoshika, hata kama ni mwiko wa bukari, ugali wetu, akaanza kuzunguka nyumba. Televisheni, friji, redio, chaja za simu, vyote huchomolewa ukutani. Waya wa antena hutupwa nje ya dirisha. Kioo cha chumbani hufunikwa kitenge, na anayetembea miguu mitupu hufokewa mpaka avae ndala. Tulipokuwa wadogo tulimcheka. Tulipokua tukaacha kumcheka, maana katika mtaa wetu wa Kampemba kila nyumba imewahi kuunguziwa kitu na radi, lakini kwetu haikuwahi kuungua hata taa.

Mzunguko wake aliumalizia mahali pamoja siku zote: chumba cha mbele, kwenye mashine ya baba ya kudarizi. Hapo hakuchomoa waya tu. Alitoa na kadi ya mashine, kipande chembamba cha bati chenye ukubwa wa kadi ya kupigia kura, akaifunga katika kitambaa cha hariri na kuiweka ndani ya sanduku alilokuja nalo siku alipoolewa. Baba ndiye aliyemfundisha. Kila alichochora baba kilikuwa ndani ya ile kadi, na baba alikuwa akisema kwamba mashine ikiungua tutatafuta nyingine, lakini kadi ikiungua tumekwisha.

Nimeanza na hayo kwa makusudi. Nimechoka kuwasikia ndugu zetu, wakishashiba wali wetu, wakinong'ona kwamba mama yangu aliharibu kazi ya marehemu kwa ujinga wa kizee. Hakuna ujinga hapo. Mama alifanya alichofundishwa na mume wake, na alikifanya vizuri, kama alivyokifanya vizuri kila msimu wa mvua tangu sijaanza shule.

Baba alikuwa wa watu wa Maniema, wale ambao babu zao walishuka kutoka Kasongo na dini yao na sindano zao. Babu alishona kofia kwa mkono. Baba alipata mashine kuukuu iliyotoka ng'ambo, yenye sindano nyingi zinazopanda na kushuka kwa pamoja, na ndani yake akayaingiza yote aliyoyaona mikononi mwa babu. Hakuchora kwenye karatasi kamwe. Aliketi mbele ya kioo kidogo cha mashine, akaiweka sindano tundu kwa tundu, hapa, kisha hapa, kisha hapa, mpaka jani likawa jani. Karatasi inadanganya, alisema, karatasi inakubali kila kitu, lakini sindano ikikataa imekataa.

Mkate wetu ulitokana na nembo za shule na majoho ya wanakwaya wa makanisa ya mtaani, ambao walimpenda kwa sababu hakuwa na maneno mengi. Lakini fahari yake ilikuwa kanzu ya bwana harusi. Kila msichana wa ukoo wetu alipoolewa, baba alimdarizia mumewe shingo ya kanzu mpaka kifuani. Upande wa kulia ulikuwa ni uleule kwa wote, matawi yanayosokotana aliyoyarithi kwa babu. Upande wa kushoto ulikuwa wa msichana mwenyewe. Hapo aliweka kitu ambacho yeye na huyo mtoto tu ndio wangekielewa. Mimi aliniwekea matone, kwa sababu nilizaliwa mvua ikinyesha na nilikuwa mtoto wa kulialia. Mume wangu alikwenda Kolwezi na ile kanzu, na hajarudi, wala yeye wala kanzu. Kati ya hivyo viwili, ninachokililia mimi ni kanzu.

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, ambaye ni mwalimu wa watoto wadogo, hakuwa na mchumba baba alipoanza kuugua kifua. Lakini baba hakusubiri. Katika siku zake za mwisho za kuweza kuketi, aliketi mbele ya mashine akaziweka sindano zake tundu kwa tundu, na alipomaliza akamwita mdogo wangu.

"Ya kwako iko tayari," akamwambia. "Iko mule mu karte. Leta tu muntu."

Mdogo wangu akamuuliza ameweka nini upande wa kushoto. Baba akacheka mpaka kikohozi kikamkamata. "Utaona siku ya ndoa," akasema. Hakuishona. Kanzu haishonwi kabla ya mwanamume kujulikana, kwani mabega hayakisiwi. Baba akafa, na kazi yake ya mwisho ikabaki ndani ya kadi, hakuna aliyewahi kuiona kwa macho.

Muntu akaja. Mdogo wangu akachumbiwa na fundi wa mbao, kijana mpole, mwenye mabega mapana kweli. Tukaiwasha mashine ya baba. Taa yake ikawaka, lakini kioo chake kikabaki cheusi, na sindano hazikutikisika. Ilikuwa imekaa kimya muda mrefu mno. Fundi aliyekuja kuitazama aliinusa tu, kama nyama iliyochacha, akatikisa kichwa. Mdogo wangu akanigeukia mimi.

"Yaya, weye njo unajua ordinateur," akasema. "Itoshe mule."

Kwetu kutosha ni kutoa: alitaka niitoe kazi ya baba ndani ya kadi. Ni kweli, kompyuta ndiyo kazi yangu. Mimi huandika programu, nimekuwa nikiandikia maduka na zahanati za mji huu tangu nimalize masomo. Kwa ndugu zangu kazi hiyo haina mipaka. Simu ikianguka ndani ya maji ninaitwa mimi, na pasi ikikataa kupata moto ninaitwa mimi. Safari hii sikunung'unika. Nilimwambia mdogo wangu kwamba ataolewa na yule kijana akiwa amevaa mkono wa baba kifuani. Nilimwambia kwa kinywa kipana.

Kompyuta za siku hizi hazina mdomo wa kadi ya namna ile. Yupo mfanyabiashara mmoja kutoka Butembo, mkristo wa kusali kila alfajiri, aliyekuwa akimuuzia baba nyuzi kwa jumla. Alikuja kwenye matanga akaketi na sisi chini siku zote. Nilipomweleza, aliingia ghalani mwake akatoka na kompyuta ya mapajani ya kizamani, nzito kama jiwe la kusagia, iliyokuwa na huo mdomo ubavuni. Diski yake ilikuwa imekufa, na matundu ya kuchomeka flashi yalikuwa yameungua. Iliweza kuwaka kwa kupewa sidii yenye mfumo mzima ndani yake, lakini haikuwa na mahali pa kuandika hata mstari mmoja. Ukiizima imesahau yote. Ndiyo iliyopatikana.

Nikaihamisha kadi kutoka kwenye mashine ya baba, nikaichomeka ubavuni mwa ile kompyuta, na papo hapo nikapewa onyo. Ndani ya kadi za namna ile kuna pile, yaani betri ndogo kama ya saa. Kadi ikiwa ndani ya mashine yenye umeme, hulishwa na mashine. Ikitolewa, hulishwa na hiyo pile, na pile ikifa, kila kilichoandikwa hufutika papo hapo. Miaka yote mama alipoifunga kadi kwa hariri, ile pile ndiyo iliyokuwa ikiilinda kazi ya baba sandukuni. Sasa onyo lilisema pile imekwisha. Kadi ilivuka kutoka mashine moja hadi nyingine kwa pumzi yake ya mwisho.

Nikamwita mama na mdogo wangu nikawaonyesha. Kompyuta niliiunga kwenye betri kubwa ya lori ambayo baba aliitumia umeme ukikatika, ili isizimike kwa lolote.

"Mama, muntu asitoshe hii karte mpaka nitafaulu," nikasema.

"Sawa, mama," akanijibu. "Ninasikia."

Halafu nikaanza kazi. Mfumo wa kompyuta ulitambua kwamba kuna kadi, lakini haukuona ndani yake faili hata moja, kwa sababu watengenezaji wa mashine ya baba walipanga vitu kwa namna yao wenyewe. Ilinibidi nipite chini ya yote hayo, niisome kumbukumbu ya kadi ilivyo, uchi.

Mdogo wangu aliniuliza ninafanya nini hasa, nami nikamweleza hivi. Kila programu ndani ya kompyuta hupewa mtaa wake wenye parsele, yaani viwanja, zenye namba, na programu hudhani mtaa ule ni wake peke yake. Kumbe juu yake kuna msimamizi, ambaye ndiye mfumo wenyewe, na ni yeye tu anayejua kila namba inaelekea wapi kwa kweli. Kadi nayo ina parsele zake, mbali, mahali ambapo programu ya kawaida hairuhusiwi kukanyaga. Nilichotaka ni kumwomba msimamizi atwae baadhi ya namba za mtaa wangu, azielekeze kule kwenye kadi. Programu yangu ikigonga mlango wa parsele fulani, anayeitika awe ni kadi yenyewe. Hakuna kinachohama na hakuna kinachonakiliwa. Ni sawa na kutoboa dirisha katika ukuta wa jirani. Utaliona sufuria lake kama lako, utajua leo amepika nini, lakini akihama, anahama nalo.

"Sasa hiyo inatusaidia nini?" akauliza.

Nikamwambia kwamba ukishaona, ndipo unaweza kunakili. Kwanza dirisha.

Dirisha lilinitesa. Msimamizi alikataa, kisha akakubali akanielekeza mahali pasipo kitu, kisha akanielekeza mahali sahihi lakini kwa kipande kidogo tu, maana kadi ile ilionyesha chumba kimoja kwa wakati mmoja, na ukitaka kingine lazima uiambie igeuke. Nilizifahamu nembo za shule kabla ya kitu kingine chochote. Mama alinipitia na chai akaniambia haraka haraka haina baraka, akaniambia baba yangu naye alikuwa akikunja uso vilevile akiweka sindano. Hilo lilinipa nguvu kuliko chai.

Asubuhi moja, mdogo wangu akiwa ameshakwenda shuleni, kadi iligeuka kwenye chumba cha mwisho. Nikaiambia programu yangu ichore tundu kwa tundu kama ambavyo sindano ingekwenda. Matawi ya babu yakaanza kuota kwenye kioo, upande wa kulia, yale yale ya kila ndoa. Nikamwita mama. Tukasimama wote wawili tukitazama mstari ukizunguka shingo na kushuka upande wa kushoto, na pale ukaanza kutoa majani. Majani mapana, yenye ncha, yaliyokaa kama moyo, kwenye mashina yanayotambaa.

Mama ndiye aliyeyajua kwanza. "Matembele," akasema.

Mdogo wangu alipokuwa mtoto hakula kitu isipokuwa matembele. Nyama alitema, samaki alitema, mboga nyingine alizifukia chini ya bukari ili tusizione. Baba alikuwa akimwita mbuzi wake. Sasa baba alikuwa amempeleka yule mbuzi harusini, kifuani kwa bwana harusi, akiwa na majani yake. Mama akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tulipomzika baba, na alicheka kwa mwili mzima, ameshika meza, machozi yakimtoka.

"Hata mu kaburi anacheka na mutoto," akasema.

Watu huniuliza kama sikupiga picha. Nilipiga. Nilichukua simu nikampiga picha mama, kwa sababu nilitaka ule uso. Kompyuta imetokea ukingoni mwa picha, upande wake wa kulia, na matawi ya babu yanaonekana vizuri sana. Upande wa kushoto umefunikwa na bega la mama. Anayedhani angekuwa na akili ya kupiga picha ya kioo badala ya mama yake anayecheka, na anitupie jiwe.

Nilimwonyesha mama kitufe cha kukuza, ili aweze kuyasogeza majani karibu na macho yake. Akakibonyeza, akafurahi, akabonyeza tena. Kisha nikavaa viatu. Kulikuwa na vitu viwili vya kutafuta mjini: pile ya kadi, na waya wa kuiunganisha ile kompyuta na kompyuta yangu, ili nakala ipate pa kulala. Bila huo waya kompyuta ya kizee isingeweza kuhifadhi hata jani moja. Nilimwacha mama ameketi mbele ya kioo kama mtu anayetazama sinema.

Nilikuwa na furaha njia nzima. Waya niliupata upesi. Pile niliipata kwa fundi wa saa, baada ya kuzungushwa kutoka meza moja hadi nyingine, akaifunga ndani ya kipande cha gazeti. Nilipotoka kwake nikaona wingu.

Sikuwaza lolote. Sitaki kudanganya kwamba moyo wangu uliniambia. Ilikuwa mvua kama mvua nyingine za Kampemba, nikaharakisha ili nisilowe, na radi ya kwanza ilipopasuka nilikuwa tayari kwenye barabara yetu, nikiwaona majirani wakiingiza nguo ndani.

Mlangoni nilikutana na waya wa antena umetupwa nje. Kioo cha chumbani kilikuwa kimefunikwa. Mama alikuwa ameketi chumba cha mbele, mikono magotini, ametulia kama mtu aliyekwisha kumaliza kazi yake. Kompyuta ilikuwa bado inawaka. Betri yake mwenyewe ilikuwa na uhai kidogo, wa muda wa kunywea chai tu. Na kwenye kioo chake ilikuwa bado ile picha, nzima, matawi huku na majani ya matembele huku. Lakini waya ulikuwa umechomolewa ukutani, vibanio vya betri ya lori vilikuwa vimelazwa chini, na ule mdomo wa ubavuni ulikuwa mtupu.

"Usiogope," mama akasema kabla sijafungua kinywa. "Karte iko mu malle, niliifunga muzuri. Uliniambia isitoke mpaka utafaulu, na asubui niliona ulifaulu. Nikasema basi, sasa inaweza kutoka. Na ona, nilitosha, na kazi ya baba yenu iko tu hapa. Haikuenda fasi yoyote."

Alikuwa na haki. Kwa macho alikuwa na haki kabisa. Kadi imetoka, na picha ipo, kwa hiyo picha imehamia kwenye kompyuta, ni nani asingeona hivyo? Nilichokuwa nikikitazama ni wino mkavu. Programu yangu ilikuwa imechora kabla kadi haijatolewa, na ilikuwa haijaulizwa tena. Nyuma ya kioo hapakuwa na kitu. Nilikuwa na sekunde za kutoa simu mfukoni nikipige picha kioo.

"Mama, usiguse," nikasema.

Lakini mama alitaka kunituliza. Aliona uso wangu, akataka kunionyesha kwamba kila kitu kipo, na kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe cha kukuza, kile nilichomfundisha mwenyewe asubuhi. Programu ikaenda kugonga milango ya parsele zake ili ichore upya. Kila mlango ulijibu neno moja, lile lile, kama nyumba zilizohamwa zinavyotoa sauti moja. Majani yakafutika. Matawi yakafutika. Ukabaki mstari mmoja uliotoka katikati ukaenda ukapotea ukingoni.

Nilikimbilia sanduku. Niliifungua hariri, nikaichomeka kadi, nikarudisha umeme na radi zikiwa juu ya paa letu. Kadi ilijibu, lakini ilijibu upuuzi. Sindano ilirukaruka huku na huku kama kuku aliyechinjwa. Hapakuwa na nembo za shule wala matawi. Kazi yote ya baba, tangu siku aliponunua mashine, ilikwisha ndani ya kitambaa cha hariri, katika sanduku la mama, pale pale ilipolindwa miaka yote. Na mfukoni mwangu nilikuwa na pile mpya.

"Iligonjwa?" mama akauliza.

"Ordinateur inachoka, mama. Ni ya zamani," nikajibu.

Sikuona wa kumlaumu, na hilo ndilo lililonimaliza. Mtu akikukosea unapata pa kuweka hasira, unafoka, unalala. Mimi sikupata pa kuiweka. Nilimtazama mama akikifunua kioo chake baada ya mvua, akirudisha nyaya moja moja ukutani, akiuimba wimbo wake mdogo wa kumshukuru Mungu kwamba hakuna kilichoungua, na nilihisi kitu kinanizimikia ndani ambacho mpaka leo sijaweza kukiwasha. Bado ninaandika programu, kwa sababu watu wanazitaka. Sizipendi tena.

Mdogo wangu nilimwambia ukweli. Hakulia mbele yangu. Aliniuliza niliona nini upande wa kushoto, nikamwambia matembele, akaangalia chini. Kesho yake akaniuliza tena. Majani yalikuwa yametazama juu au chini? Sikumbuki. Shina lilianzia shingoni au kifuani? Nadhani shingoni. Yalikuwa yamejaa au mstari tu? Nikawa kila nikijibu ninazidi kuyapoteza, mpaka nikaanza kumkimbia. Alikuwa na haki ya kuuliza. Zawadi ilikuwa yake, na aliyeiona ni mimi.

Kuna kijana mwenye mashine mpya ya kudarizi karibu na soko. Tulimpelekea ile picha ya mama anacheka. Akasema upande wa kulia anaweza kuufuata vizuri, na upande wa kushoto anaweza kuugeuza uwe kama wa kulia, hakuna atakayejua. Mdogo wangu akakataa. Yule kijana wa mashine akasema basi atachora majani ya matembele, ni majani rahisi.

"Majani hata miye ninaweza kuchora," mdogo wangu akamwambia. "Mie nilitaka yake. Acha kule kwa kushoto vile viko."

Ndiyo maana bwana harusi wetu aliingia ukumbini na kanzu iliyodariziwa upande mmoja. Wengi walidhani fundi alilewa, au pesa ziliisha. Yule kijana mpole alitembea kama aliyevaa kanzu ya sultani, na kwa hilo nitampenda mpaka nife. Alipopiga magoti mbele ya mama kupokea dua, mama aliuweka mkono wake kifuani pake, upande wa kushoto, kwenye kitambaa cheupe kisicho na kitu. Aliuacha pale muda mrefu kuliko dua yenyewe. Mimi nilitazama pembeni.

Mpaka siku hiyo mama alikuwa akiniuliza kila asubuhi kama ordinateur imepona, nami nikimjibu bado. Baada ya ndoa hakuuliza tena.

Mvua iliyofuata ilitukuta nyumbani mimi na yeye tu. Mama alikuwa ameketi chumba cha mbele, kwenye kiti cha baba, anachambua maharage. Wingu lilipanda kutoka Naviundu, chumba kikawa giza, radi ikapasuka karibu mpaka bati likalia. Nilingoja ainuke. Aliendelea kuchambua.

"Mama, mvula inakuya," nikasema.

"Ninasikia."

Radi nyingine ikapiga. Friji ilikuwa inanguruma jikoni, na televisheni ilikuwa inawaka. Aliokota jiwe dogo kutoka kwenye maharage, akalitazama, akaliweka kando.

"Wakati nilitosha ile karte," akasema, "njo pale kazi ya baba yenu ilikufwa?"

"Hapana, mama. Ni ordinateur."

Alitikisa kichwa taratibu, kama anavyotikisa kwa mtoto anayedanganya kuhusu sukari.

"Baba yenu alinifundisha kutosha," akasema. "Hakunifundisha kuacha."

Mvua ilikuwa imefika kwenye bati, na yeye alirudi kwenye maharage yake. Nikainuka nikaenda kuchomoa friji mimi mwenyewe.